Mchana Mama Alipokataa

Harufu ya dagaa wanaokauka hunirudisha Mugango, mchana ule tulipokuwa tukiwageuza juani. Dada yangu alikuwa akikariri kwa sauti maneno ya mtihani kuhusu serikali ya Marekani: katiba, mihimili mitatu, kura ya turufu. Asubuhi hiyo baba alikuwa amewakubalia wageni wa kutoka Bunda kwamba dada ataacha shule aolewe na kijana wao.

“Kura ya turufu ndiyo nini?” mama akauliza.

“Bunge likipitisha sheria, rais anaweza kuikataa.”

“Na rais akikosea yeye?”

“Bunge nalo linaweza kumzuia, mama. Walioandika ile katiba waliogopa mtu mmoja kuamua yote.”

Mama alikung’uta mchanga mikononi, akamwendea baba aliyekuwa akishona nyavu. “Baba watoto, mimi huwa siulizwagi. Leo nakataa. Huyu atamaliza shule.”

Hatukuwahi kumsikia akisema hivyo. Baba alichomeka sindano kwenye wavu.

“Basi nenda ukawaambie mwenyewe,” akasema.

Wageni walikuwa bado kwa baba mkubwa, wanakula. Mama alivaa gauni lake la kanisani, akaenda.