Mbwa Aliyeitwa Utahama

Watu wote katika habari hii nimewaacha bila majina. Walio hai tunakutana sokoni, na waliokufa wana watoto. Mbwa peke yake nitamtaja, kwa sababu bila jina lake sina cha kusimulia. Aliitwa Utahama.

Kwetu Rumonge, kando ya ziwa, mtu mwenye neno la kumwambia jirani, na asiyeweza kumwambia usoni, humpa mbwa wake neno hilo liwe jina. Ukimtukana jirani, atakushitaki kwa wakubwa wa mtaa. Ukimwita mbwa wako, umemwita mbwa wako, nani atakushitaki? Nimeshasikia mbwa akiitwa Mnanisema, na mwingine Hamshibi, na mtaa mzima ulijua ni nani wanaosema na nani hawashibi.

Baba alirudi kutoka Tanzania akiwa mzee, baada ya maisha marefu ya ukimbizi, akakuta michikichi aliyoipanda yeye na baba yake inavunwa na mtu mwingine. Mtu huyo hakuwa mwizi. Alipewa parsele ile, kipande kile cha ardhi, na wenye mamlaka wa wakati huo, akajenga, akaoa, mvi zikamtokea pale pale. Wakaitwa wote wawili mbele ya tume ya ardhi, wakasikilizwa, shamba likagawanywa nusu kwa nusu, na ua wa minyaa ukapandwa katikati. Wiki ile ile baba alileta kitoto cha mbwa dume ndani ya kikapu. Akasimama karibu na ua, akaita kwa sauti ya mtu anayeita mtumbwi: Utahama! Utahama! Mbwa mwenyewe alikuwa amelala miguuni pake.

Jirani alisikia. Alikohoa tu, akaendelea kukata ndizi zake.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, kitinda mimba, na ndiye niliyebaki na baba mpaka mwisho. Alipokufa aliniachia nusu ya michikichi, mbwa, na masharti mawili. La kwanza, mbwa asifungwe kamba. Kule tulikoishi, kutoka nje ya makazi ya wakimbizi kulihitaji karatasi yenye muhuri, na baba alisema yeye amefungwa vya kutosha, hakuna kiumbe kitakachofungwa kwake. La pili, mbwa asihasiwe. Hilo hakulitolea sababu, na mimi kama binti yake sikuuliza.

Masharti ya marehemu ni rahisi kuyatoa kuliko kuyatimiza, wala baba hakuwa yeye wa kukimbizana na mbwa barabarani. Nilimwendea veterineri, daktari wa mifugo, kwa siri. Akaniambia kazi ya kuhasi kwa koleo anaijua vizuri kwa mafahali na mbuzi. Kwa mbwa ameifanya mara mbili.

"Na hao mbwa wako wapi?"

"Mumoja iko," akasema.

Nikarudi nyumbani na mbwa wangu mzima.

Nilijaribu pia kumbadilisha jina. Miezi miwili nilimwita Chui. Alikuwa ananitazama kama mwanafunzi anayeitwa na mwalimu wa darasa lingine. Nikajaribu kupiga makofi, na hilo alilikubali, lakini siku tulivu tu. Likipita jambo la kumvutia, makofi hayakufaa kitu. Jina lile lile, kwa sauti ile ile ya baba, ndilo lililomgeuza. Basi mimi, mtu wa kwaya, mtu ninayefundisha watoto adabu, nikawa kila asubuhi natembea nikiomba Mungu nisilazimike kumwita mbwa wangu.

Kwa sababu hiyo nilijifunza mambo ambayo baba hakuyajua. Dume ambaye hajahasiwa akishashika harufu ya jike, masikio yake yanabaki kichwani kwa mapambo tu. Lazima umwahi kabla. Nilijifunza kumtazama mkia: ukinyooka na kukakamaa, nina muda wa kuvuta pumzi mbili, tatu. Hapo nilikuwa simfukuzi, maana ukimfukuza anadhani mnakwenda pamoja. Niligeuka na kwenda upande mwingine kwa haraka, nikiwa na kichwa cha mukeke, samaki wa ziwani, aliyekaushwa kwenye kifuko kiunoni, na yeye akanifuata. Kila siku nilimpa kichwa kimoja bila sababu yoyote, ili asijue ni lini nina sababu. Tukikutana na dume mwenzake kwenye njia nyembamba ya michikichi, sikusimama kushangaa. Tulikata kando, tukapita mbali, nikiongea ovyo kama mtu asiye na wasiwasi. Kwenye barabara kubwa ya malori nilimshika ngozi ya shingo mpaka tuvuke. Mwaka wa kwanza, kabla sijajua haya, alinitoroka, akaonekana Kigwena, akarudi siku ya nne na sikio limechanika. Nililia kwa hasira, kisha nikampikia uji.

Lakini kubwa kuliko yote ilikuwa upepo. Asubuhi huku upepo unashuka kutoka milimani kwenda ziwani. Jua likishapanda, unageuka, unatoka ziwani kwenda milimani. Nyumba zetu ziko katikati. Kwa hiyo siku ambazo kulikuwa na jike mwenye joto mtaani, nilimpandisha mbwa njia ya milimani alfajiri, harufu yote ikiwa nyuma yetu, na nilihakikisha tumesharudi na mlango umefungwa kabla upepo haujageuka.

Na jike aliyetutesa zaidi alikuwa hapo hapo, upande wa pili wa minyaa. Mbwa wa jirani, wa rangi ya mchanga, mwembamba, mwenye joto kila baada ya miezi fulani, na kila mara madume yalikuja mpaka kutoka Kizuka.

Mwaka jana yule jirani akafa. Aliugua siku chache, hakusumbua mtu. Nilikwenda kwenye matanga, nikakaa mkekani na wanawake wengine, nikampa pole mjane wake. Hatukuwa marafiki, mimi na yeye. Kwa miaka yote tulikuwa tunapeana salamu ya amahoro juu ya ua na kila mmoja anaendelea na kazi yake. Alikuwa amezaa mabinti watatu, wote wameolewa mbali. Ndugu wawili wa marehemu walishuka kutoka Bugarama, na siku ya tatu walikuwa wameshaanza kuhesabu michikichi kwa macho. Walisema mwanamke asiye na mtoto wa kiume atarudi kwao. Nusu ile ni ya ukoo.

Sitaficha: nilipolisikia hilo, nilifurahi kidogo. Nilimfikiria baba. Halafu nikaona vibaya, lakini furaha ilikuwa imeshapita, siwezi kusema haikuja.

Siku ya nne, Ijumaa, mjane alinisubiri kwenye ua nikitoka shuleni. Alikuwa ameshika kitenge kifuani kwa mikono miwili.

"Mwalimu, kesho ufungie mubwa yako ndani. Jike yangu iko na joto tena, na mambwa yanajaa mpaka penye wageni wanakaa. Mashemeji wanasema wataweka sumu nyuma ya jiko."

"Na mbwa wako?"

"Ile watamufunga. Wanataka kuua ya watu wengine."

Nilimshukuru, murakoze. Alikuwa na msiba wake na vita vyake, na bado alikumbuka mbwa aliyepewa jina la kumfukuza yeye na mumewe. Ningekuwa mimi, sijui.

Ningemfungia ndani tangu alfajiri ile ya Jumamosi na haya yote yasingetokea. Lakini dume aliyefungiwa karibu na jike mwenye joto anavunja nyumba. Wakati uliopita alikwaruza mlango mpaka kucha zikatoka damu. Nikasema nimchoshe kwanza. Tulipanda milimani kabla jua halijatoka, upepo usoni, mambo yote sawa. Alinusa, alikojoa kwenye kila kisiki, alikuja kwa makofi. Tulikuwa tunarudi mapema, nikaona nimefaulu.

Kisha nikakutana na mzazi wa mwanafunzi wangu. Alitaka kujua kwa nini mwanawe ameanguka Kifaransa. Mwalimu hawezi kumkatisha mzazi njiani, hasa mzazi anayeanza kwa kukuulizia afya ya kila mtu. Nilisimama. Nilieleza vitenzi. Wakati naeleza, nilihisi shingo yangu, iliyokuwa na jasho, inapoa kwa mbele. Upepo ulikuwa umegeuka.

Nikatazama chini. Mkia ulikuwa umeshanyooka. Nikaingiza mkono kwenye kifuko, na kifuko kilikuwa kitupu, nilikuwa nimempa kichwa cha mwisho dakika chache nyuma bila sababu yoyote. Nikageuka na kukimbia upande mwingine kama ilivyo desturi yetu, na safari hiyo nilikimbia peke yangu. Mzazi yule mpaka leo ananisalimia kwa tahadhari.

Niliteremka mbio, viatu mkononi. Nilipofika kwenye minyaa, Utahama alikuwa amekwisha pita chini yake. Nyuma ya jiko la jirani, kwenye migomba, jike alikuwa amefungwa kwenye mti na madume sita au saba yanamzunguka. Kando yao, juu ya kipande cha bati, kulikuwa na ugali umechanganywa na vichwa vya samaki. Mbwa mmoja mweupe alikuwa ameshalala ubavu, miguu inamtetemeka.

Madume mengine yalimngurumia Utahama. Alisogea pembeni, mkia chini, akainua pua. Kisha akaanza kwenda kwenye bati. Kwa nini asiende? Mimi mwenyewe nilikuwa nimemfundisha, kila siku, miaka mitatu, kwamba kichwa cha samaki maana yake ni usalama.

Nilipiga makofi. Hakugeuka. Waliogeuka ni watu wa matanga. Uwanja ulikuwa mbele yangu wazi: wanaume kwenye viti, wanawake mkekani, mjane katikati yao, na mashemeji wawili wamesimama mbele yake. Kilikuwa kikao cha kumwambia arudi kwao. Nilijua kwa jinsi wanawake walivyokuwa wanatazama chini, na kwa jinsi yule mkubwa alivyokuwa ameinua kidole na kukiacha hewani kwa sababu ya makofi yangu.

Nikaita, "Wewe! Chui! Njoo!" Mbwa alikuwa amebakiza hatua tatu au nne.

Nilikuwa na neno moja tu mdomoni, na sikutaka kulitoa. Si mbele ya mwanamke yule, siku ile, na watu wale wamesimama juu yake. Nilitamani mbwa angekuwa na jina lolote jingine duniani. Nilimchukia baba, naandika hivyo hivyo, nilimchukia pale kwenye ua. Halafu mbwa akainamisha kichwa juu ya bati, na mimi nikapiga kelele kwa sauti ya baba:

"Utahama!"

Aliinua kichwa. Aliliacha bati, akapita chini ya minyaa, akaja akakaa miguuni pangu. Nikamkaba shingo, nikaingiza vidole vyangu mdomoni mwake mpaka kooni. Hakuwa amekula kitu. Nilikuwa na furaha, na nilikuwa sitaki kuinua uso.

Kisha shemeji mkubwa akacheka.

"Munasikia? Hata mwalimu anasema."

Mtu mwingine akacheka pia, kwenye matanga. Nilitaka kueleza kwamba nilikuwa naita mbwa. Lakini kila mtu pale alijua ni mbwa, na kila mtu alijua mbwa huitwa hivyo kwa nini. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Mwanamke yule alikuwa ameniokolea mbwa, na mimi nilikuwa nimewapa mashemeji zake neno walilokuwa wanalitafuta, tena nimelisema kwa sauti kubwa kuliko wangeweza wao.

Mjane aliinuka kutoka mkekani. Ilimchukua muda, miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kukaa. Alijifunga kitenge upya, akapita katikati ya mashemeji zake, akasimama pale ambapo uwanja unaishia na migomba inaanza, akamtazama jike wake aliyefungwa kwenye mti.

"Sihami!" akaita. "Sihami, njoo!"

Jike hakugeuza hata sikio. Tangu azaliwe alikuwa akiitwa kwa kugongewa sufuria, na jina hilo lilikuwa halijawahi kusemwa na mtu yeyote. Mjane aliita tena, polepole zaidi, na mara hiyo ya pili alikuwa amemgeukia shemeji yake mkubwa.