Funga Mbele, Ufungue Nyuma

Mume wangu alinunua pikapu yenye loki ya umeme katika kisiwa ambacho mwizi, akishaiba kiti chako, inabidi apande nacho kivuko kilekile utakachopanda wewe. Nilimwuliza loki ya nini. Akanijibu kwamba mimi ni mtu wa bara, sielewi mambo ya usalama. Yeye amezaliwa Kilindoni na hajawahi kuibiwa hata ndala, kwa hiyo nilikubali kwamba somo hilo analijua kuliko mimi.

Loki hiyo ilikuwa na kimota kidogo ndani ya mlango wa nyuma, ule unaolazwa chini wakati wa kupakia mzigo. Ukibonyeza rimoti, milango ya mbele inajifunga, na kimota kinasukuma kijiti, mlango wa nyuma nao unajifunga. Ukibonyeza tena, yote inaachia. Gari lilikuwa na kanopi, kile kibanda cha kufunika sehemu ya mzigo, lakini kioo chake cha nyuma kilishavunjika, na mume wangu akapiga bati kwa ribiti mahali pake. Njia pekee ya kutoa au kuingiza kitu ikabaki kuwa mlango ule. Tundu la ufunguo lilikuwepo pia, ila chumvi ilishalimaliza kabla sijafahamiana na gari.

Chumvi hiyohiyo ikakiua kimota. Kwa bahati kilikufa mlango ukiwa umeachia, na wiki zilizofuata zilikuwa za raha: unaufunga mlango kwa mkono, unaufungua kwa mkono, kama walivyoishi watu kabla yetu. Mume wangu hakulala vizuri. Akamwagiza binamu yake aliyeko Dar kwa ujumbe mrefu wa sauti, uliokuwa na aina ya gari, rangi ya gari na hali ya afya ya kila mtu nyumbani. Kimota kipya kikaja na abiria wa kivuko, kimefungwa ndani ya soksi.

Fundi tuliyempata alikuwa wa injini za boti. Kila ulichomwonyesha alisema, "Hiyo ndogo." Alilaza mlango, akafungua kifuniko cha ndani, na kila skrubu aliyoing'oa akaitia kwenye kikombe nilichopewa nikishike. Akachomoa kijiti, akakitoa kimota cha zamani kikiwa kimeoza kama jino, akakiweka kipya. Kikakaa sawasawa. Tatizo likawa soketi: ya gari na ya kimota hazikufanana.

"Zimekataana hizo," nikasema.

"Shemeji, soketi ni mapambo. Umeme unapita kwenye waya."

Akazikata zote mbili. Upande wa gari kulikuwa na waya wa bluu na wa kijani. Upande wa kimota, mweusi na mweupe. Alizitazama kwa muda, akaunganisha uliokuwa karibu na mwenzake, akazungushia tepu nyeusi. Skrubu zikarudi, isipokuwa chache ambazo alisema gari halizihitaji.

Mume wangu akabonyeza rimoti. Kimota kikalia *tak*, na wanaume wawili wakapeana mikono. Mimi nikaenda kuvuta milango. Ya mbele ilikuwa imefungwa. Wa nyuma ukaniangukia mkononi. Akabonyeza tena: ya mbele ikaachia, wa nyuma ukawa umekaza.

"Umegeuza waya," nikamwambia fundi.

"Sijageuza, shemeji. Huo ndio mpangilio wake. Mwizi akikuta ya mbele imefungwa, atajua na wa nyuma umefungwa. Hahangaiki nao."

"Na akihangaika?"

"Mwizi gani huyo asiye na akili?"

Nikamtazama mume wangu, nikitarajia atamwambia afungue tena. Lakini majirani walikuwa wamesimama pale, na yeye alikuwa ameshawaambia kwamba kimota ni cha Dar. Akasema mfumo ni mzuri. Kufikia jioni alikuwa anaueleza barazani kama aliyeuvumbua.

Basi tukaishi na mfumo. Gari likiegeshwa na kufungwa, mlango wa nyuma ulikuwa wazi kwa yeyote apitaye. Likiwa na watu ndani, ulikuwa salama kama benki. Ukitaka kutoa mzigo, watu wafunge milango yote ya mbele kwanza, kisha ubonyeze kama mtu anayeondoka. Na iwapo mlango mmoja umeachwa wazi, hata kidogo, gari linalia *pii pii* na kukataa. Watoto walijifunza siku moja. Mama mkwe alikataa kujifunza, akisema yeye ni mtu mzima.

Ndipo likaja suala la shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Alikuwa mhudumu katika hoteli moja ya Utende, na alitaka kumwoa binti wa Kiegeani. Binti alikubali. Baba yake alikubali. Shangazi aliyemlea hakukubali, maana alimtaka mtumishi wa halmashauri, na alikuwa ameshaahirisha mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu wajumbe wetu walifika mapema mno, mara ya pili kwa sababu walichelewa. Mara hii alituma neno. Begi la bibi harusi lipelekwe Jumamosi, kabla ya adhuhuri, likiwa kamili. Pakitokea kichekesho kingine, asitumwe mtu tena nyumbani kwake.

Shemeji yangu alikonda. Kwa desturi yeye hakutakiwa kuwepo, kwa hiyo alibaki nyumbani na simu.

Tulipakia begi lenyewe, yaani masanduku mawili ya khanga, viatu, manukato na udi. Tukafunga mlango wa nyuma kwa mkono, tukafungua ya mbele, tukasikia *tak*, tukapanda. Mama mkwe alikaa mbele na mwanawe. Mimi na wifi zangu tukabanana nyuma yao. Simu ikaita kabla hatujatoka Kilindoni.

"Shemeji, mmefika?"

"Bado tunakuona hapo mlangoni."

Kiegeani tulikuta mkeka umetandikwa uani, wanawake wamejipanga, na shangazi amekaa kwenye kiti karibu na mlango kama hakimu. Wakatupigia vigelegele viwili, vya kipimo. Tukashuka, tukaamkia. "Shikamoo, shangazi." "Marahaba. Karibuni. Begi liko wapi?"

Liko nyuma, tukasema. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo wenye akili wangeliona nyumbani.

Mama mkwe alikuwa hajashuka. Kwa wazee wa nyumba hizi mbili, mama wa bwana harusi hajishushi mwenyewe kwenye chombo kama mzigo. Anasubiri mwenyeji aje amshike mkono. Alikuwa ameufungua mlango wake, ametoa mguu mmoja nje, anangoja. Shangazi naye, kwa desturi hiyohiyo, hamwendei mgeni kabla begi halijagusa mkeka. Begi lilikuwa nyuma. Nyuma hakufunguki mpaka mbele kufungwe. Mbele hakufungiki kwa sababu ya mguu wa mama.

Mume wangu akabonyeza. *Pii pii.* Akabonyeza tena, akiamini labda gari limebadilisha mawazo.

"Mama," akanong'ona, "rudisha mguu kidogo, nifunge mlango."

"Unifungie mimi? Mbele ya wakwe?"

"Mara moja tu, mama."

"Mlango ukifungwa niko ndani, si mnanirudisha nyumbani? Watu hawa wataelewa nini?"

Watu hao walikuwa wanaelewa walivyotaka. Mmoja kwenye mkeka akaanza kwa sauti ya kuimba, "Begi tunalisikia, kuliona bado," na wenzake wakaitikia kwa makofi. Mwingine akauliza, "Jamani, hata gari lao linadai kifungua mlango?" Wakacheka mpaka wengine wakashika mbavu. Wifi yangu mmoja akajaribu kulivuta bati la kanopi kwa kucha, akarudi na kucha pungufu.

Simu ikaita. "Shemeji, wamepokea?"

"Wanapokea," nikasema.

"Hayo makofi ni ya nini?"

"Ya furaha."

Shangazi hakucheka. Alitazama kivuli cha paa, akiipima adhuhuri, kisha akamtazama mume wangu. "Mwanangu, mmekuja na begi au mmekuja na gari?"

Mume wangu akafungua mdomo. Nilijua atakachosema. Angesema betri, angesema mtandao, angesema lolote isipokuwa kwamba waya zimegeuzwa, maana alishaisifu kazi hiyo mbele ya nusu ya Kilindoni. Na kila neno lingempunguzia mdogo wake mke.

Nikatangulia. "Shangazi, begi lipo, kamili. Ila gari hili limetengenezwa kinyume. Ili mlango wa nyuma ufunguke, ya mbele lazima ifungwe. Na mama yuko mbele."

Shangazi akalitazama gari. "Ili ufungue," akasema polepole, "unafunga?"

"Ndiyo, shangazi."

"Nani kafanya hivyo?"

"Fundi wa boti. Na mume wangu akampa mkono."

Mume wangu akatazama matairi. Shangazi akainuka. Hakuinuka kumpokea mtu. Aliinuka kwa sababu ameishi miaka mingi na hajawahi kuona upuuzi wa aina hiyo kwa karibu. Akaja mpaka kwenye gari, akainama mlangoni kwa mama mkwe achungulie ndani, labda aione hiyo rimoti. Mama mkwe akaona mkono wa mwenyeji umefika. Akaushika.

Akaushika kwelikweli, kwa mikono miwili. "Ahsante, dada yangu," akasema, akateremka kwa heshima zote, na kabla shangazi hajajua kwamba amempokea mgeni, wageni wote walikuwa wanapiga vigelegele.

Nikausukuma mlango. Mume wangu akabonyeza. *Tak*, na wa nyuma ukaachia.

Masanduku yaligusa mkeka kivuli kikiwa bado kiko upande wetu. Yakafunguliwa, yakakaguliwa. Shangazi aliinua khanga moja moja juu ya mwanga, akitafuta kasoro, na wanawake wa mkekani wakimtazama usoni kuliko walivyotazama khanga. Hakuipata. Au aliipata akaiacha. Alikuwa ameshamshika mtu mkono mbele ya watu, na huwezi kumshika mtu mkono kisha ukamrudishia begi.

Wakati wa kuondoka walituletea sinia la vitumbua na vyungu viwili vya chakula cha kurudi nacho. Shangazi mwenyewe alisimama nyuma ya gari, milango ya mbele ikiwa wazi, mume wangu akihangaika na kitasa kilichokaza.

"Baba," akamwambia, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto kuvaa viatu, "funga huko mbele, tuweke vitu."

Akafunga. Tukaweka.

"Alhamisi mje kwa ndoa," akasema shangazi. "Hata na gari hilihili. Lakini mama mshusheni kwanza."

Simu iliita tulipofika barabarani. Nikamwambia shemeji yangu: Alhamisi. Akauliza kama anaweza kuazima gari siku hiyo amchukue mkewe.

Mume wangu alifikiri kidogo. Akasema hakuna shida, ila kwanza aje aeleweshwe mfumo.