Pazia Moja la Wodi ya Wanawake

Kwetu Mbeere mwanamume haingii mahali anapolala mama wa mkewe. Wakikutana njiani, mwanamume husogea kando ili mama apite, nao husalimiana bila kutazamana. Niliishi hivyo na mama mkwe wangu tangu nilipooa. Hata baada ya mke wangu kufariki, sikuwahi kuvuka mlango wa chumba chake.

Kisha akaanguka shambani akavunjika nyonga. Mke wangu alikuwa mtoto wake wa pekee, kwa hiyo mimi ndiye niliyempeleka hospitali ya serikali mjini Embu.

Adhuhuri ile wodi ya wanawake ilikuwa na nesi mmoja. Mama alikuwa amejichafua na shuka limelowa hadi kwenye godoro. Nilimwomba nesi amsafishe.

"Mzee, niko peke yangu, na kule kuna mtu anatapika damu. Beseni hilo, glavu hizo. Msaidie mama yako."

"Si mama yangu, sista. Ni mama mkwe."

Mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyekuwa ameshonwa tumbo, akashika mshono wake akacheka. "Mkwe? Uui! Mimi heri nioze hapa hapa!" Kisha akaiona sura yangu, akaacha. "Pole, baba. Ningeweza kuinama ningemwosha mimi."

Kulikuwa na pazia moja tu la kuzungushia kitanda, lenye fremu ya chuma na magurudumu. Lilikuwa karibu na dirisha, likimficha mama wa mkubwa fulani wa ofisi, naye alikuwa amelala tu. Nikauliza kama tungeweza kuliazima kidogo.

"Hilo usiguse," nesi akasema kwa sauti ya chini. "Huyo simu yake ilitoka juu. Nikilisogeza, ni mimi nitaulizwa."

Sikubishana. Mimi si mtu wa kubishana na waliovaa sare.

Nilirudi kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu nioe, mama mkwe akanitazama machoni. "Muthoni," akasema, yaani mkwe wangu, "ngoja wanawake wa kijijini waje Jumapili."

Ilikuwa Alhamisi. Nikamwambia tukingoja ngozi itachubuka. Akavuta leso kutoka mabegani. Nilidhani anataka kufunika mapaja, kumbe alijifunika uso.

Nilimwosha mbele ya wanawake wote wale, macho yangu yakiwa kwenye mikono yangu tu. Nilipomaliza hakuiondoa leso, hata nilipoaga.

Hakutoka hospitalini tena. Asubuhi moja nilipofika, nilikuta kitanda chake kimezungushiwa lile pazia, nikajua. Nesi yule yule alikuwa amelisukuma mwenyewe kutoka dirishani.

Nikamwambia asante. Neno lilinitoka kama la mtu aliyetendewa wema, na hilo ndilo linalonitia haya mpaka leo, kuliko beseni na glavu.