Sabuni Iliyobaki Ndani ya Karatasi Yake

Mvua ya Walikale ikianza kunyesha haina haraka ya kwenda kokote, na kuna siku moja ya mvua hiyo ambayo mpaka leo haijaanuka kichwani mwangu. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, niko likizo kwa mjomba wangu Deo. Lori lililotoka upande wa Mpofi lilikuwa limezuiwa kwenye bariere, ule mti unaolazwa barabarani ili magari yasiharibu njia wakati wa mvua. Abiria walishuka na mizigo yao kichwani, wakaja kutafuta pa kulala.

Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu ya ujumbe wako. Umesema umepata vyumba viwili vya nyuma pale Goma, unataka kuvipangisha kwa wageni wa siku mbili tatu, na unaniuliza uanze kununua nini, televisheni au mapazia. Umeniuliza mimi kwa kuwa nimesoma. Ni kweli nimesoma. Nilikaa chuo kikuu muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na bado bomba linalovuja nyumbani kwangu nalitazama tu kwa heshima. Lakini kuhusu wageni na mahali wanapooga, kuna jambo niliona nikiwa bado kijana, na sitaki ulijifunze kwa njia tuliyojifunza sisi.

Ilikuwa miaka ile baada ya uhuru. Mzungu aliyekuwa na duka kando ya barabara ya Bukavu na Stanleyville (mji ulikuwa bado una jina hilo) alikuwa amekwenda zake, na mjomba, aliyekuwa karani wake, akabaki na nyumba. Aliigawa vyumba vya kulaza wasafiri. Mke wake alikuwa amefariki. Aliishi na binti yake Vumilia, mtoto ambaye alikuwa hajaanza shule, na mama yake mzazi, bibi yangu, tuliyemwita Koko.

Katika nyumba hiyo mlikuwa na chumba cha kuogea cha Wazungu. Ndani yake kulikuwa na hodhi kubwa jeupe la kuogea lenye miguu ya chuma, choo cha kukalia, taulo nyeupe zilizokunjwa, na juu ya ubao mdogo, kipande cha sabuni ya kunukia kikiwa bado ndani ya karatasi yake. Mjomba aliufunga mlango wa chumba hicho kwa ufunguo, na ufunguo ulining'inia kwenye mkanda wake. Alikuwa anamngojea mkubwa. Siku yoyote, alisema, mkubwa wa serikali atapita hapa na atahitaji mahali pa kuoga. Nami nilimwamini. Aliponifungulia niingie kuchungulia, nilinusa ile karatasi ya sabuni nikajiona nimeshafika Ulaya.

Wageni wa kawaida waliogea nyuma ya nyumba, kwenye ua wa matete wenye mawe chini. Humo hamkuwa na kitu. Sabuni ilikuwa shida miaka ile, maduka mengi yalikuwa yamefungwa, na wanawake walikuwa wakipika sabuni nyeusi kwa mawese na majivu ya maganda ya ndizi. Koko alijua kuipika vizuri, na kila mara alimsumbua mjomba kuhusu ule ua.

"Deo, weka basi ndoo na sabuni kule nje. Wageni wanaoga na maji tupu sawa bata."

"Niliweka, mama. Muntu aliibeba mpaka Bukavu."

"Weka ingine."

"Na ile ingine itaenda Stanleyville."

Tulicheka. Mjomba hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Alikuwa mtu aliyeibiwa mara moja, akaona amepata elimu ya kutosha kuhusu binadamu.

Siku hiyo ya mvua, kati ya abiria wa lile lori alikuwamo mama mmoja kijana, mkulima wa maharage kutoka vilima vya Masisi, karibu na Lushebere. Alikuwa anakwenda kwa mume wake aliyefanya kazi kwenye machimbo. Mgongoni alikuwa amebeba mtoto wa kiume aitwaye Byamungu, na mtoto alikuwa amelegea kama nguo iliyoanikwa.

"Mama, karibu. Chumba iko," mjomba alisema. "Mutoto iko na nini?"

"Amechoka tu na kamio, papa," alijibu, akimaanisha lile lori.

"Uko na lazima ya kitu?"

"Hapana, papa. Iko muzuri tu."

Mazungumzo yakaishia hapo. Kwetu milimani, mgeni aliyelelewa vizuri haombi. Akiombwa aseme anachotaka, hukataa, na hata akipewa hukataa kwanza ndipo apokee. Kuomba maji ya kuoga ndani ya nyumba ya mtu ni kama kumwambia mwenye nyumba kwamba hakufundishwa na mama yake. Mjomba alilijua hilo vizuri kuliko mimi, kwani yeye mwenyewe alizaliwa milimani. Hata hivyo aliuliza swali lake, akajibiwa kama watu wa kwetu wanavyojibu, akaondoka na moyo mweupe.

Mtoto alikuwa anaharisha. Mama yake alificha, kwa hofu ya kufukuzwa na mvua inanyesha. Asubuhi zilizofuata, kabla watu hawajatoka nje, alishuka na vitambaa vya mtoto hadi kijito cha chini ya nyumba, akavifua kwa maji matupu juu kidogo ya pale palipozibwa kwa mawe, ambapo mtaa wote ulichota. Hakuwa mwenyeji, hakujua ni wapi watu wanachota. Mimi nilikutana naye akipanda na vitambaa vimelowa. Nilimsalimu, nikawaza kwamba wanawake wa Masisi ni wachapakazi kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa akili ya mwanafunzi.

Barabara ilibaki imefungwa. Vumilia alifurahi kupata mtoto wa kucheza naye, akamletea Byamungu ndizi iliyochomwa, na Byamungu akaanza kula. Kila siku alipata nguvu kidogo. Tulimsifu mama yake.

Kisha Vumilia akashikwa na ugonjwa uleule. Sitalirefusha hilo. Nyumba ya matibabu ilikuwepo, lakini muuguzi alikuwa amekimbia na kabati la dawa lilikuwa wazi na tupu. Watoto wengine mtaani waliumwa wakapona. Vumilia hakupona. Mjomba alimshika mapajani mpaka Koko alipomwambia kwamba sasa anaweza kumlaza.

Tulimzika mvua ikiwa imetulia kidogo. Tuliporudi kutoka makaburini, vijana wa mtaa hawakwenda makwao. Walisimama mbele ya mlango wa yule mama, na wengine wakaongezeka, na maneno yakaanza kupita kutoka mdomo hadi mdomo, mwanzoni chini chini.

"Mutoto wa mugeni alikuja anakufa, leo anakula ndizi. Wetu alikuwa muzima, leo iko mu udongo. Aliwabadilisha."

"Mulozi njo huyu."

Walisema ni mchawi, amebadilisha roho, mwanangu, amenunua mtoto wake kwa mtoto wetu. Mtu aliyeambiwa hivyo miaka ile, katika mji ambamo hana ndugu, hakuwa na safari ndefu mbele yake. Mawe yalikuwa mikononi tayari. Kilichowazuia ni adabu tu. Aliyefiwa ni mjomba, kwa hiyo neno la kuanza lilikuwa lake, na wote walikuwa wanamtazama. Mjomba alikuwa amekaa kwenye kibaraza, viatu vina udongo wa kaburi. Ndani tulimsikia yule mama akimnyamazisha Byamungu.

Koko akatoka. Hakuwa mwanamke wa kelele.

"Deo, wanangojea neno yako."

Mjomba aliendelea kutazama udongo wa viatu vyake.

"Basi nitasema mimi. Huyu mama alilala kwetu na mutoto mwenye kuharisha. Vitambaa angefulia wapi? Ndoo hukumupa. Sabuni hukumupa. Mulango ya maji ulifunga. Akashuka ku kijito, na sisi wote tukakunywa kule. Nilizika watoto kwa ugonjwa huu, Deo, wadogo zako, wakati baba yako alikuwa kambini ya machimbo. Hakuna mulozi alituletea ule. Ni uchafu wa kukosa pa kunawa."

"Koko, lakini wake amepona!" kijana mmoja akasema.

"Amepona, ndiyo. Ulitaka wafe wawili, njo roho yako itulie?"

Yule kijana akarudi nyuma hatua moja. Lakini hakuna aliyeondoka, kwani maneno ya bibi mzee yanasikilizwa, ila mawe bado yako mkononi. Ndipo mjomba akasimama. Nilidhani atawapa wale vijana neno walilolitaka, na nakiri sikujua mimi ningefanya nini. Akaingia ndani, akamtoa yule mama kwa mkono, akafungua mlango wa chumba cha kuogea, akamwingiza na mtoto wake.

"Funga kwa ndani, mama," alisema.

Kisha akaketi chini, mgongo kwenye ule mlango. "Mwenye anataka kumupiga, aanze na mimi. Nimechoka leo, haitakuwa kazi ngumu."

Waliondoka mmoja mmoja, wakiangusha mawe njiani kama watu wanaopukuta vumbi. Mjomba hakuondoka pale hadi bariere ilipofunguliwa kesho yake na dereva akapiga honi. Koko ndiye aliyemsindikiza yule mama hadi kwenye lori, amemshika mkono mbele ya macho ya watu wote. Nilibeba furushi lao, nikawasikia.

"Koko, ningeliomba ndoo," yule mama alisema.

"Ungeliomba, mwanangu. Na sisi tungeliona."

Tuliporudi, Koko aliingia katika kile chumba, nami nikamfuata. Taulo zilikuwa zimekunjwa vilevile. Sabuni ilikuwa juu ya ubao, ndani ya karatasi yake. Kwenye sakafu, mahali alipokaa na mtoto tangu jana, palikuwa pamepanguswa, na alipangusa kwa nguo yake mwenyewe, maana hapakuwa na kitambaa kingine kilichotumika. Koko aliketi kwenye ukingo wa lile hodhi jeupe akalia kwa sauti. Makaburini hakuwa amelia.

Mjomba alifungua mlango ule moja kwa moja, na ule ua wa matete akaujazia ndoo na sabuni nyeusi. Wageni waliiba sabuni, akaweka nyingine, wakaiba, akaweka. Hakulalamika tena, na wala hakucheka tena sana. Mkubwa alipita siku moja kweli. Alikunywa maji akiwa ndani ya gari lake, akaendelea na safari.

Basi, mwanangu, televisheni ingoje, na mapazia yangoje. Nunua sabuni, na ukishainunua itoe kwenye karatasi, nawa nayo wewe mwenyewe kwanza, uiache imelowa, ili anayeingia aone kwamba imekwisha kuwa ya watu. Sabuni iliyofungwa bado ni ya mwenye nyumba, na mgeni wetu hataigusa hata akiwa amefungiwa nayo. Ndoo ijae kabla hajafika. Karatasi ya choo aione bila kufungua kabati la mtu, na ya akiba kando yake. Weka taulo kavu, na kitambaa cha kupangusia, hata kama ni kipande cha kitenge kilichochakaa. Akija na mtoto, mpelekee beseni la pili na mwonyeshe pa kumwaga maji, usimuulize kama analihitaji. Swali lile la "uko na lazima ya kitu" liondoe kabisa kinywani mwako. Ni swali la mtu anayetaka kulala mapema.

Wataiba, ndiyo. Wewe nunua nyingine. Na mwenye kuibeba mpaka Bukavu, anawe nayo huko.

Mungu akupe wageni wengi, waingie kwako wamechoka na watoke wazima. Azilinde njia zao na maji wanayokunywa majirani zako. Na watoto wako wakue, mwanangu, wakue mpaka wachoke kuitwa watoto.