Bati Linapopoa

Nyumba yetu haina dari. Mume wangu alisema dari tutaweka mwakani, na mwakani ilipofika alikuwa ameshalala nyuma ya migomba, chini ya saruji niliyosimamia mwenyewe ikikorogwa. Kwa hiyo ukiingia sebuleni kwetu, hapa Nyanungu, ukainua macho, unaona mbao za kenchi na papi na tumbo la mabati, basi.

Nasema kwetu, ingawa watu wa hapa hawajaamua bado kama ni kwangu. Mimi nilizaliwa Njombe, kwenye baridi, nikapangiwa huku kufundisha fizikia sekondari. Yeye alikuwa mzaliwa wa hapa, afisa mifugo, mtu wa kushinda kwenye pikipiki akienda kuchanja ng'ombe wa watu. Hatukujaliwa mtoto. Alipofariki, kwa ini lililomsumbua muda mrefu huku yeye akisema ni uchovu, nilibaki na mama yake katika nyumba aliyoijenga. Majirani wakaanza kuniuliza uhamisho naomba lini. Waliuliza kwa upole, kama unavyomuuliza mgeni basi lake linaondoka saa ngapi.

Mama mkwe wangu ni mrefu, mkavu, Msabato wa kweli kweli. Jua la Ijumaa likizama, moto wa kupikia hauwashwi tena hadi la Jumamosi lizame. Mimi na yeye tuliishi kwa Kiswahili, lugha ambayo si yake na, tukisema kweli, si yangu sana pia, maana kwetu nimekua na Kibena. Mazungumzo yetu yakawa ya vitu: chumvi, ndama, kuni zilizolowa. Tulikuwa na msiba mmoja wanawake wawili na hatukuwa na maneno ya kuupitishia. Kila mtu aliulilia upande wake wa ukuta.

Mlio wa bati ulikuwepo siku zote, ila mume wangu alipokuwa hai hatukuusikia. Jua likishaanguka, bati lilianza kulia: ta, kimya, ta, ta. Lilianza upande wa mashariki, juu ya mlango unaotazama lango la boma, kwa sababu upande ule jua huuacha mapema. Kisha mlio ukasogea taratibu, ukavuka sebule, ukaishia magharibi juu ya chumba chetu. Ni jambo la kawaida kabisa. Bati likipata joto linatanuka, likipoa linasinyaa, na kwa kuwa limebanwa na misumari, linajivuta hadi linaachia kwa mshtuko. Nimelifundisha somo hilo kidato baada ya kidato, kwa Kiingereza, kwa watoto wanaofikiri Kikurya, huku Kiswahili tukikitumia kama mlango wa uani.

Mama alilisikia vingine. Jioni moja, miezi michache baada ya mazishi, nilimkuta sebuleni kwenye kigoda chake, mikono mapajani. Bati likalia juu ya mlango. Akainua uso akasema, "Mura, umefika?" Mura ndivyo Wakurya wanavyomwita kijana wao wa kiume. Akaendelea kuongea Kikurya kwa sauti ya chini, akimfuata kwa macho kutoka mlangoni hadi chumbani, na mlio ulipokoma akanyamaza, akajifuta mikono na kanga, akaenda kutazama ndama. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake ya jioni.

Sikumwambia kitu. Ningependa kusema nilinyamaza kwa hekima, lakini ilikuwa wivu. Yeye kila jioni alikuwa na mtu wa kumpokea. Mimi nilikuwa na chuma kinachopoa juu ya kitanda changu. Mume wangu alikuwa na tabia, akiingia, kabla hata ya kuvua buti, anauliza, "Mmekula?" Hakuwahi kuuliza habari za kazi kabla ya hilo. Baada yake nikaacha kula jioni. Nilikunywa chai ya rangi nimesimama, nikasahihisha madaftari hadi macho yakauma.

Mama akakosea jambo moja: alimweleza mwanamke mwenzake wa kanisani. Siri ya watu wawili kanisani haikai, ni kama moshi na bati lenye matundu. Haikupita muda, mzee wa kanisa akaja kuniona, mshonaji nguo mwenye heshima zake, mtu mwema ambaye kwenye msiba wetu alibeba maji kuliko vijana.

"Mwalimu," akasema baada ya kuitikia shikamoo yangu, "wafu wamelala. Hawatembei juu ya bati. Kinachotembea hapa ni pepo, na anajifanya kijana wetu ili amkamate mama. Sabato hii tunakuja kuomba, aondoke."

"Kinachotembea ni joto, mzee. Bati linatanuka mchana, jioni linasinyaa."

"Mbona bati la kwangu halilii hivyo?"

"Linalia. Kwako kuna dari, husikii."

Akacheka. "Nyie wa sayansi hamkosi jibu."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Yule alimwita mwanawe pepo na mimi nilimwita bati, na hakuna aliyemwita kwa jina lake. Nilimgeukia, nikitumaini atasema nyumba ni yake na hataki maombi. "Waje," akasema. "Mtu anakataaje kuombewa?" Lakini nilimwona anavyoshika fremu ya mlango. Nikaelewa anachokiogopa. Hakuogopa pepo hata kidogo. Aliogopa kwamba maombi yangefanya kazi.

Wakaja, sebule ikajaa. Siku hiyo mawingu yalikuwa yametanda tangu asubuhi, mvua ikanyesha kutwa, na bati likashinda na ubaridi wake. Waliimba, wakaomba kwa zamu, mzee akaweka mkono juu ya mlango wa chumba changu na kuamuru kilichomo kitoke. Nilikaa pembeni nikiwa na hasira, na aibu pia, maana nguo za kazi za mume wangu zilikuwa bado zimetundikwa nyuma ya mlango huo. Giza lilipoanza, mzee akainua kidole tusikilize. Ilisikika mvua tu. Kwenye bati hakukuwa na joto la kuondoka, kwa hiyo hakukuwa na mlio. Wakashukuru, wengine kwa machozi, wakaondoka wamejifunika mifuko ya mbolea kichwani.

Ningeweza kuwaambia wasubiri siku ya jua. Lakini wangerudi na mfungo, na baada ya mfungo wangerudi na mchungaji. Nikafunga mlango.

Ilikuwa masika, na mvua haikuwa na haraka ya kwenda popote. Mama aliendelea kukaa kwenye kigoda jioni, uso juu. Halafu jioni moja nikakuta kigoda kimerudishwa jikoni, kimepakiwa kuni. Akawa halali vizuri, hatazami ndama. Nilipomuuliza anaumwa wapi, akasema, "Siumwi. Nimemzika mara ya pili, na safari hii nimefungua mlango mwenyewe."

Nilikaa chini sakafuni karibu naye, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata siku za msiba.

"Mama, hajaondoka. Ni mawingu."

"Mawingu yamefanya nini?"

"Jua likiwaka kutwa nzima, jioni atarudi."

Nililisikia neno likitoka. Nilikusudia kusema mlio utarudi. Mama naye alilisikia.

"Mwalimu wa sayansi ndiye anayesema hivyo?"

"Ndiye."

"Una uhakika?"

"Hilo nina uhakika nalo, mama. Mengine yote sina."

Kisha akaniambia kitu ambacho hakuwa amewahi kuniambia, kwamba bibi yake, kabla kanisa halijafika huku, alikuwa akitoka nje alfajiri na kutema mate kidogo kuelekea jua linapochomoza, kuomba siku iwe njema. "Tulifundishwa ni ushenzi," akasema. Asubuhi iliyofuata nilikuwa napiga mswaki nyuma ya nyumba nikamwona amesimama langoni. Alitazama barabarani juu, akatazama chini, kuhakikisha hakuna Msabato anayepita, halafu akatema mate kuelekea lile wingu zito la mashariki. Nilirudi ndani haraka nisije nikacheka.

Jua lilichukua siku zake. Lilipotoka lilitoka kwa nguvu, matope yakakauka barabarani na mabati ya shule yakawa hayatazamiki. Darasani siku hiyo nilifundisha ovyo. Nilikuwa nachungulia dirishani mara kwa mara kuona kama kuna wingu, na nikajishangaa, kwa sababu nilikuwa naogopa. Kanuni ninaijua. Haijawahi kukosea. Hata hivyo nilitembea kurudi nyumbani nikisema kimoyomoyo, tafadhali, ingawa sikujua namwambia nani.

Nilimkuta mama amekitoa kigoda jikoni. Nikachemsha chai yangu ya rangi, nikasimama na kikombe kwenye mlango wa chumba. Nje kuku waliingia bandani.

Ta.

Ilikuwa juu ya mlango, palepale. Mama hakushtuka, ila mabega yalishuka. "Mura, umefika?" Kisha akaongea, na safari hii aliongea sana, nadhani alimweleza habari za mvua, na za ndama, na nilisikia neno linalomaanisha kanisa. Mlio ulivuka sebule. Nilijua unapotoka na kwa nini unatoka, na nilisimama pale mpweke kuliko siku ya mazishi, maana ilikuwa mazungumzo ya watu wawili na mimi nilikuwa mgeni asiyejua lugha. Ta, ta, juu ya kitanda. Kimya.

Mama akageuka, akabadili lugha.

"Anauliza kama umekula."

Nikakiweka kikombe chini. Ningeweza kumweleza habari za chuma na misumari. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuzisikia, na alinitazama akisubiri jibu, kwa adabu, kama mtu aliyetumwa.

"Mwambie bado," nikasema.

Akainua uso, akasema neno fupi kuelekea chumbani kwangu. Halafu akainuka, akaenda jikoni kusonga ugali.