Nilivyowahoji Wachuuzi Mia Tatu Nikiwa Kitandani

Jamani, mnaniona hivi, mimi niliwahi kuwahoji wachuuzi mia tatu kwa siku mbili bila kuvaa viatu.

Msicheke. Posho nilipokea na karatasi nikasaini.

Profesa mmoja wa chuo alikuwa anafanya utafiti: je, wachuuzi wa sokoni wako tayari mikopo yao iamuliwe na akili mnemba badala ya ofisa wa benki? Kazi yangu ilikuwa kuzunguka sokoni na madodoso, maswali arobaini kwa kila mtu.

Nikaanza na muuza vitunguu. Swali la tatu tu, akataka kujua kama nanunua au napita. Jua kali, viatu vinabana. Nikasema, ya nini nife kwa ajili ya uprofesa wa mtu?

Nikarudi nyumbani, nikajilaza, nikafungua akili mnemba kwenye simu. Nikaiandikia: "Wewe ni mama wa miaka hamsini, unauza nyanya. Nijibu."

Ikajibu kwa adabu zote.

Nikaigeuza muuza mitumba, muuza samaki, mjane, bibi harusi. Asilimia tisini na sita wakasema mashine ina haki kuliko ofisa. Profesa alinikumbatia. Alisema hajawahi kukutana na wachuuzi wenye mawazo yaliyonyooka namna ile.

Ripoti ikasomwa kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Benki nayo ikaisoma. Baada ya miezi mitatu dirisha la mikopo pale sokoni likafungwa, ofisa akahamishwa, ikawekwa mashine.

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni.

Mama mdogo, aliyenilea tangu mama yangu afariki, anauza nyanya soko hilohilo. Kila mwaka alikopa kidogo kulipia meza yake, na ofisa alimpa kwa sababu alimjua: miaka kumi na moja hajachelewesha rejesho hata mara moja. Mashine haikumjua. Ilitaka kumbukumbu za simu ya kisasa, naye simu yake ni ya tochi. Ikamkatalia papo hapo. Akabakiwa na wiki moja, asipolipa meza apewe mwingine.

Njia ya mwongo ni fupi. Nikaenda kwa Profesa, nikaungama kila kitu, nikamwomba aiandikie benki kwamba ule utafiti ni batili.

Akafunga mlango wa ofisi. Nikajua nimekwisha.

"Punguza sauti," akasema. "Kwani unadhani yale maswali niliyatunga mimi?"

Akanyooshea kidole kompyuta yake.

"Hata ripoti yenyewe sikumaliza kuisoma."

Yaani mashine iliuliza, ikajijibu, ikajisifia, halafu ikajiajiri. Binadamu aliyeguswa na utafiti ule alikuwa mama mdogo, na wenzake wa sokoni ambao hakuna aliyewafikia.

Barua hakuandika. Meza ikaenda.

Siku mama mdogo anaondoka nilimsaidia kubeba makreti, nikamweleza ukweli wote. Nilitamani anitukane nipumue.

Akaweka kreti chini, akanitazama.

"Mwanangu, mimi nilikuwa hapa siku zote. Si ungekuja tu ukaniuliza."

Nililia mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zangu.

Siku hizi tunauza nyanya wote wawili, chini, kando ya barabara. Ndugu zangu, nawaambia kwa uchungu: ukimsemea mtu ambaye hukumuuliza, jiandae kumbebea mzigo.