Punda, Mgema na Mnara wa Jomvu Kuu

Tinga wa Jomvu Kuu alikuwa na haya kuliko bibi harusi. Alikaanga viazi karai huku amewapa wateja mgongo. Aliyetaka viazi aliweka sahani juu ya benchi, akakohoa, na Tinga akaijaza bila kugeuka. Dukani hakutaja kitu, alinyoosha kidole tu. Muuzaji akikosea na kumpa cha pembeni yake, Tinga alipokea, akashukuru, akaenda zake. Ndivyo alivyopata mwavuli wa kike wenye maua, na ndivyo alivyopata makopo mawili ya maziwa ya watoto wachanga, naye hana mke wala mtoto.

Kibanda chake kilikuwa kivulini mwa Mnara. Mnara wa Jomvu Kuu anaujua kila mtu, hata wa Garissa na wa Kisumu, maana umo kwenye kalenda za ukutani na majalada ya madaftari. Ni nguzo ya matumbawe na chokaa, imekatika kilele, imesimama karibu na maji kama mtu aliyesahau alichofuata. Nani aliujenga? Hapo ndipo ugomvi. Wajomvu husema ni wazee wao. Warabai husema ni wao, na Wajomvu waliupakaza chokaa tu. Mpita njia mmoja mwenye miwani alisema ni Wareno, akaondoka kabla hajaulizwa.

Habari za waliowahi kuutunza ndizo mbaya zaidi. Kuna aliyeufunga kamba ya kuanikia nguo. Kuna vijana walioufanya mlingoti wa goli, na mlingoti wa pili ukawa ndoo. Kuna watu wa harusi walioupaka rangi ya waridi ili ufanane na keki. Rangi ile ilifutwa, lakini mpaka leo mvua ikiupiga huchomoza upya, ukadhani mnara nao umeona haya. Labda ndiyo maana Tinga aliupenda.

Ufagio aliachiwa na baba yake. Utotoni alimwuliza, "Baba, nani aliujenga?"

"Mimi sikuwepo, mwanangu. Fagia."

Akafagia, na alifagia tangu siku hiyo. Hakuna aliyemwajiri. Kila asubuhi alifagia uwanja, akang'oa magugu, akafukuza mbuzi, ndipo akawasha jiko. Ule mnara ulikuwa jirani asiyemwuliza kitu.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumfungua Tinga mdomo, naye ni Bi Shaza, mama mnene wa ukoo wa zamani wa Wajomvu, muuza mahamri. Ukoo wake na ukoo wa kina Tinga, Warabai, walikuwa watani tangu mababu. Nanyi mwajua utani ulivyo: mtani hakasirikiwi. Alipozikwa baba yake Tinga, Bi Shaza alilala kwenye kitanda cha marehemu akakataa kuamka mpaka apewe kuku, na waliokuwa wakilia wakacheka. Kwa hiyo Tinga, ambaye hakuweza kumwambia muuza duka "nipe sukari", aliweza kumwambia Bi Shaza mbele ya watu, "Mahamri yako haya magumu tuuzuilie mlango usipigwe na upepo." Haya zake hazikuvuka mpaka wa utani.

Siku moja mzee wa mtaa, Gona, alikuja mbio, shati limefungwa vifungo upande.

"Tinga! Kuna wakubwa waja kutoka Nairobi. Wataka kujua mnara ulijengwa na nani, na ni nani aliyeuharibu. Wakipata mwenyeji wa kuwasimulia wageni, huyo ndiye mtunzaji. Wasipopata, wataleta walinzi wa kampuni na seng'enge, na vibanda vyote vitang'olewa."

"Na anayefagia?" Tinga aliuliza, akikiangalia kidole gumba cha mguu wa Gona.

"Atafagia kwao. Ukitaka ufagie hapa, sema. Wewe ni wa hapo tangu baba yako. Lakini useme, Tinga!"

Tinga akajifunza kusema. Aliusimulia mnara wenyewe, vikaenda vizuri. Akamsimulia mbuzi, vikaenda. Akamsimulia kuku wa jirani, lakini kuku akageuka kumtazama, na maneno yakamkauka.

Siku ikafika. Viti vikatolewa msikitini na vingine kanisani. Ofisa mwenyewe alikuwa mwanamke kijana aitwaye Caroline, mchangamfu, ameshika simu ya kurekodi.

"Habari zenu, wazee wangu. Mimi nataka tu story ya hii mnara. Nani ataniambia?"

Gona akamsukuma Tinga mbele. Tinga alikuwa amevaa koti la marehemu baba yake, mikono imezama ndani. Akaangalia viatu vya Caroline.

"Mnara," akasema.

Watu wakangoja.

"Ni mrefu."

Jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. Caroline akatabasamu kwa huruma, akangoja, akaangalia saa yake. "Basi, kama hakuna mwingine, tutaandika kwamba asili yake haijulikani. Ile kampuni itaanza..."

Bi Shaza alikuwa ameketi mbele na kanga mpya, amekuja kuutetea ukoo wake. Alikuwa na hotuba ndefu ya mababu saba. Akamtazama mtani wake anavyozidi kuzama ndani ya koti. Hotuba akaimeza. Akasimama.

"Ati mrefu!" akasema. "Ulikuwa mrefu zaidi, ewe Mrabai! Sema nani aliukata kilele! Mama ofisa, babu yake huyu alikuwa mgema. Akanywa tembo lake mwenyewe, akatoka usiku, akauparamia mnara akidhani ni mnazi. Akagema, akagema, tembo halitoki. Kwa hasira akakata kilele, akateremka na kibuyu kitupu!"

Watu wakaangua kicheko. Na Tinga, kwa mara ya kwanza mchana ule, akainua kichwa.

"Babu yangu alipanda," akasema kwa sauti ya kujaa uwanja, "kwa sababu babu yako alimwita! Mama ofisa, mnara huu ni kigingi. Babu yake Bi Shaza alikuwa na punda mwenye kiburi. Akifungwa kwenye mwembe, aondoka na mwembe. Akifungwa mlangoni, aondoka na mlango na mke wa mtu ndani. Ndipo Wajomvu wakakusanyika, ukoo mzima, wakajenga kigingi cha mawe, na bado punda akawashinda. Babu yangu alipanda kuona punda amekimbilia wapi!"

"Na alimwona?" akauliza Bi Shaza.

"Alimwona. Yuko kwenu, ndiye anayepika mahamri!"

"Wallahi mwongo! Punda alikimbilia Rabai kwa sababu huko ndiko alikokuwa na ndugu!"

Wakaendelea hivyo mpaka adhana ya alasiri. Kila aliyewahi kuutunza mnara akapata fungu lake, tangu mwanika nguo hadi watu wa keki. Caroline alirekodi, macho yamemtoka.

"Hii ni history kabisa," akasema. "Pande mbili, na zinakubaliana kuhusu punda."

Gona akafungua mdomo kumweleza habari za watani. Akakitazama kibanda cha Tinga. Akaufunga.

Baada ya miezi kadhaa kibao kikaletwa, cha chuma, chenye nembo. Kiliandikwa kwamba, kwa mujibu wa wazee wa pande zote mbili, mnara ulijengwa kuwa kigingi cha punda, na kilele kilikatwa na mgema. Kaka yake Bi Shaza, Abdulghani, alikisoma mara tatu, akahama msikiti kwa wiki nzima. Warabai nao wakanuna, hasa wagema. Lakini seng'enge haikuja, kibanda hakikung'olewa, na Tinga akapewa kofia ya utunzaji. Wageni wakaongezeka. Wengine walileta majani ya punda wayaweke pale chini.

Taabu ikabaki moja. Mtunzaji ni lazima asimulie, na kikija kikundi Tinga husema "Mnara", kisha "ni mrefu", kisha hukwama. Kwa hiyo Bi Shaza alihamisha meza yake ya mahamri ikagusana na karai. Kikundi kikifika, yeye huanza kwa kumtukana babu, na Tinga hujibu.

Juzi walikuja watoto wa shule kutoka Changamwe. Masimulizi yalipokwisha, msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Shikamoo, mzee. Lakini hayo ni kweli?"

Tinga akaangalia viatu vya yule mtoto. Akaushika ufagio wake.

"Marahaba, mwanangu," akasema polepole. "Mimi sikuwepo."

"Aliyekuwepo ni yule punda," akadakia Bi Shaza akigeuza hamri. "Na mjukuu wake ndiye huyo aliyevishwa kofia."